Fedha za mkupuo zipewe kazi ya mkupuo

(Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyotangazwa redioni)

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya fedha. Msishtuke, sina habari za mabilioni, wala sikuja na hesabu za bajeti ya Serikali. Nataka tuzungumze juu ya fedha ndogo, ile inayokuja mara moja bila kutazamiwa, ikamkuta mtu amekwisha zoea kuishi bila hiyo.

Fedha ya namna hii hutufikia kwa njia nyingi. Mfanyakazi hulipwa malimbikizo aliyokwisha yakatia tamaa. Fundi hulipwa na mteja aliyemkimbia tangu mwaka juzi. Mama huangukiwa na zamu ya upatu mapema kuliko alivyofikiri. Mtoto wa dada aliyeko Muscat au London hukumbuka nyumbani, na simu ikalia usiku ikiwa na ujumbe wa neema. Kiasi chenyewe si kikubwa: laki mbili, laki tatu, ikizidi sana laki tano. Hainunui kiwanja, wala haimalizi pagale lililosimama miaka saba. Hata hivyo ni nyingi kuliko fedha yoyote iliyowahi kulala mfukoni kwa usiku mmoja tangu mwaka uanze. Na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Nasema taabu kwa sababu mshahara una wenyewe. Unapofika, kila shilingi inajua njia yake: hii ya mwenye nyumba, hii ya nauli, hii ya unga, hii ya ada. Fedha ya ghafla haina mwenyewe. Kila aliye ndani ya nyumba anadhani ni yake, na walio nje ya nyumba wanadhani hivyo hivyo. Kwa hiyo huanza kumegwa. Elfu kumi mchango wa harusi, maana kadi ilikuwa juu ya kabati tangu mwezi uliopita. Elfu tano ya vocha. Elfu ishirini kwa jirani, atarudisha Ijumaa. Nyama ya jioni kwa siku nne mfululizo. Kijana wa nyumba naye anataka aweke mkeka wa mechi za Jumamosi, eti elfu tatu tu. Baada ya wiki mbili fedha haipo, na ukiuliza nani aliyeifuja, humpati. Hakuna aliyelewa, hakuna aliyeibiwa. Wahenga walikwisha sema: chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Sasa tujiulize swali ambalo kwa kawaida hatujiulizi. Laki tatu iliyokuja kwa mkupuo inatofautianaje na laki tatu iliyokuja elfu kumi kumi kwa mwezi mzima? Atakayejibu haraka atasema hakuna tofauti, laki tatu ni laki tatu. Mimi nasema tofauti ipo, na ni kubwa. Fedha ya kidogo kidogo hununua vitu vya kidogo kidogo, na kwa mtu wa mjini vitu vya kidogo kidogo ndivyo ghali kuliko vyote.

Chukua mfano wa maji. Wapo wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaonunua maji kwa dumu la lita 20 kutoka kwa vijana wa mikokoteni siku bomba linapokauka. Tuseme dumu moja ni Sh 500, na nyumba inatumia madumu 6 kwa siku. Hiyo ni Sh 3,000 kwa siku, na Sh 90,000 kwa siku 30. Tena tazama jambo jingine. Uniti moja ya maji katika bili ni lita 1,000, yaani madumu 50. Kwa bei hiyo ya mkokoteni, uniti moja inakugharimu Sh 25,000. Chukua bili yako ya maji, tazama umetozwa kiasi gani kwa uniti moja, halafu kaa kitako kwanza kabla hujalinganisha. Mwenye tangi la kuhifadhia maji hujaza siku maji yanapotoka, akapumua siku yanapokatika. Asiye na tangi hulipa mkokoteni. Na mara nyingi asiye na tangi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko mwenzake.

Nenda kwenye mafuta ya kupikia. Nunua kwa kipimo kidogo dukani kwa Mangi, halafu hesabu vipimo vingapi vinajaza chupa ya lita moja. Zidisha kwa bei ya kipimo kimoja. Kisha uliza bei ya dumu la lita 5, uigawe kwa 5. Fanya hivyo hivyo kwa sabuni ya kipande na mche mzima, kwa mkaa wa kopo na gunia. Nawaachieni hesabu hiyo muifanye wenyewe, kwa sababu mtu huamini zaidi hesabu aliyoiandika kwa mkono wake. Mtagundua kwamba maskini ndiye anayenunua kwa bei ya juu. Wala si kwa ujinga. Anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi. Anachokosa ni ule mkupuo.

Na mfano mkali kuliko yote ni deni. Katika mitaa yetu wapo wakopeshaji ambao wananchi wenyewe wamewapa jina, wanawaita kausha damu. Jina hilo halikutungwa na mshairi, limetungwa na waliokaushwa. Tuseme mtu amekopa Sh 200,000 na kila mwezi anatakiwa kulipa riba ya Sh 60,000, huku deni lenyewe likibaki palepale mpaka alimalize lote kwa mara moja. Baada ya miezi 5 amelipa Sh 300,000, na bado anadaiwa zile 200,000. Kinachomfunga mtu huyu si uvivu. Sh 60,000 anazipata kila mwezi kwa jasho lake. Asichokipata ni Sh 200,000 kwa siku moja.

Siku hizi damu hukaushwa hata kwa simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha kwa mtandao yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Kwa hiyo mtu wa namna hii akiangukiwa na laki tatu, kisha akanijia akiuliza afungue biashara gani, nitamjibu: lipa deni. Hakuna biashara pale Kariakoo itakayompa faida ya Sh 30 kwa kila Sh 100, kila mwezi, bila mtaji kuingia hatarini. Kulipa deni lile kutampa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya redioni, na kwamba mtu mwenye dhiki akipewa fedha nyingi kwa wakati mmoja ataishia kuinywa. Maneno hayo ni ya zamani na yanapendwa sana na watu walioshiba. Jambo hilo limekwisha pimwa, tena hapa jirani. Kati ya mwaka 2011 na 2012 shirika liitwalo GiveDirectly lilizipa baadhi ya kaya za Rarieda, magharibi ya Kenya, fedha taslimu kwa njia ya simu bila masharti ya matumizi. Kaya nyingine zilipewa kwa mkupuo, nyingine kidogo kidogo kila mwezi. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia na kutangaza matokeo yao mwaka 2016. Hawakuona ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku. Waliona jambo jingine ambalo linahusu mazungumzo yetu ya leo. Waliopewa kila mwezi walikuwa na nafuu zaidi katika chakula. Waliopewa kwa mkupuo walielekea zaidi kununua vitu vya kudumu, kama vile mabati ya kuezekea badala ya nyasi.

Fedha zile zilikuwa nyingi kuliko hizi laki mbili tatu tunazozizungumza, lakini fundisho ni lile lile. Fedha inayokuja kila mwezi inakwenda jikoni, na haki yake kwenda jikoni. Fedha inayokuja mara moja inaweza kupanda juu ya paa. Mtu anayechukua fedha ya paa akaipeleka jikoni hajatenda dhambi, ila paa litaendelea kuvuja, na mwakani atakuwa bado ananunua nyasi.

Naam, nakubali kwamba kusema ni rahisi. Kati ya mtu na uamuzi wake pamesimama ndugu, jamaa na marafiki. Sisi si watu wa kula peke yetu, na sitaki kumfundisha mtu uchoyo. Ndugu huyo huyo unayemkimbia leo ndiye atakayebeba jeneza kesho. Lakini tusifichane: wapo watu mijini ambao wakipata fedha wanazima simu. Wengine hulalamika njaa kwa sauti kubwa zaidi siku ile waliyoshiba, ili wasiombwe. Kwa kweli huo si uchoyo peke yake, ni kukosa namna ya kukataa.

Namna hiyo ipo, nayo ni ya zamani. Ni kibubu. Watafiti wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, waliwapa baadhi ya wanachama wa vikundi vya upatu magharibi ya Kenya masanduku madogo ya chuma yenye kufuli, ya kuwekea akiba ya mambo ya afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliopewa sanduku na ufunguo wake walitumia zaidi fedha zao kwa vitu vya kinga, kama vyandarua, kuliko wale ambao hawakupewa. Ajabu ni kwamba kundi jingine lilipewa sanduku lakini ufunguo ukashikwa na mtu mwingine, na lile halikufanya vizuri kwa upande wa kinga. Watu hawakupenda kufungia fedha mahali wasipoweza kuifikia. Kumbe nguvu ya sanduku haikuwa kwenye kufuli. Ilikuwa kwenye jina. Fedha ikishapewa jina, mwenyewe anaiogopa, na hata akiombwa anapata la kusema bila kudanganya: fedha hii ipo, lakini ni ya chandarua.

Ndiyo maana nasema fedha ya ghafla ipewe jina mapema, kabla haijazungukwa. Ikae siku saba bila kuguswa, isikae kwenye simu unayonunulia vocha na soda, na katika siku hizo saba wenye nyumba wakae chini na karatasi na kalamu. Si mwenye nyumba, nimesema wenye nyumba. Mume anayekwenda kuamua peke yake kule baraza la bao ajue kwamba mkewe anajua bei ya kila kitu kuliko baraza zima.

Nitatoa mfano wa kwangu, kwa sababu si vizuri kuwapangia watu fedha zao ukaficha zako. Miezi michache iliyopita nililipwa Sh 400,000 kwa kazi ya kutafsiri kijitabu, kazi ambayo nilikuwa nimekwisha isahau. Habari ikatangulia kufika nyumbani kabla yangu, sijui kwa njia gani. Mdogo wangu akapiga simu.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba, hujambo?”

“Sijambo kaka, ila pikipiki imelala. Tairi la nyuma limekwisha.”

Binti yetu, Zuhura, alitaka simu mpya, kwa maelezo kwamba ile ya zamani inamwaibisha chuoni. Duka la mtaani lilikuwa linatudai Sh 80,000. Na kule Muheza alikuwapo mama yangu, ambaye jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa njiani kulifuata. Tulikwisha ambiwa kwamba ni upasuaji mfupi, wa kutoa kile kioo cha jicho kilichoingia ukungu na kuweka kingine. Tulikuwa tunatenga Sh 20,000 kila mwezi kwa ajili hiyo, na kila mwezi Sh 20,000 hizo zilipata mgonjwa mwingine, au msiba, au karo.

Tukaandika yote kwenye karatasi. Mama Zuhura akaitazama ile karatasi, akasema, “Baba Zuhura, katika haya lipi haliwezi kufanyika kwa mshahara hata tukingoja miaka miwili?”

Naomba, ndugu wasikilizaji, mlishike swali hilo, maana ni bora kuliko yote niliyosema tangu nianze. Simu ya binti yaweza kungoja na kununuliwa kwa akiba ya kidogo kidogo. Jicho la mama lilihitaji nauli ya watu wawili, gharama za hospitali, dawa, na mahali pa kulala, vyote katika wiki moja. Nusu ya safari haipo. Nusu ya upasuaji haipo.

Basi Sh 250,000 zikaitwa jicho la mama. Sh 80,000 zikaenda dukani, maana deni la duka lina tabia ya kupandisha bei ya sukari kimya kimya, mdaiwa asiweze kuuliza. Sh 30,000 zikamsaidia mdogo wangu, nusu ya tairi, nusu nyingine ajitafutie, kwa sababu pikipiki ile ndiyo jembe lake. Zilizobaki Sh 40,000 tukanunua kuku wawili, mchele wa Kyela na soda, tukala Jumapili mlango ukiwa wazi, na majirani wakaja. Zuhura alinuna siku tatu. Bibi yake aliporudi kutoka hospitali, jambo la kwanza alilofanya ni kuchambua mchele wetu na kutuuliza kama siku zote tulikuwa tunakula mawe. Tukajua jicho limepona.

Nimewataja kuku wale kwa makusudi. Fedha ya bahati ambayo nyumba haikuionja kabisa huleta kinyongo, na kinyongo nacho kina gharama zake. Tenga sehemu ya kumi ya furaha, uitumie siku moja mbele ya watu wote, iishe. Furaha inayoliwa kwa siku moja hukumbukwa mwaka mzima. Furaha inayomegwa kwa siku kumi na nne hakuna anayeikumbuka.

Wapo pia watakaouliza habari za biashara, kwa sababu siku hizi kila mtu anahubiriwa ujasiriamali. Jibu langu ni kwamba laki tatu haitoshi kufungua biashara usiyoijua, lakini yaweza kuondoa kikwazo katika kazi unayoijua. Fikirini mama lishe anayekodi masufuria makubwa kwa Sh 2,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni Sh 52,000 kwa mwezi. Kama masufuria yanapatikana kwa Sh 150,000, katika miezi mitatu yamekwisha jilipa, na kuanzia mwezi wa nne Sh 52,000 ni zake. Huyu hahitaji semina. Anahitaji Sh 150,000 kwa siku moja. Lakini mtu yule yule akizichukua hizo 150,000 akanunua mitumba ya kuuza, wakati hajawahi kufungua belo hata moja maishani mwake, tumwombee.

Vile vile mpangaji. Katika jiji hili wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima. Mtu anayepata fedha ya ghafla miezi miwili kabla ya kodi kuisha amepewa nafasi ya kutokwenda kukopa kwa kausha damu. Ikiwa nyumba yako ina tarehe ya namna hiyo mbele yake, basi fedha hiyo imekwisha pata jina, na mjadala umefungwa.

Kwa kufupisha: kwanza yalipwe madeni yenye riba. Pili lifuate jambo moja, nasema moja, ambalo haliwezi kufanyika kwa vipande. Tatu, kinachokupotezea fedha kila siku kwa sababu hukimiliki, iwe tangi, iwe sufuria, iwe chombo cha kazi. Nne, ndugu apewe kwa kiasi kilichoamuliwa mezani, si kwa kiasi cha aibu iliyokupata mlangoni. Na siku moja ya kuku. Yote yaandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Najua yupo anayenisikiliza sasa hivi akicheka peke yake, akisema huyu bwana anatupangia fedha ambazo hatuna. Ni kweli. Lakini wakati mzuri wa kuandika karatasi ile ni kabla fedha haijaja, wakati hakuna anayekupigia simu, hakuna anayenuna, na kadi za michango zimelala kabatini. Andikeni leo usiku, wewe na wa nyumbani kwako, jambo moja ambalo mshahara wenu hauliwezi hata mkingoja miaka miwili. Likunjeni, liwekeni. Siku mteja mkorofi atakapolipa, au simu itakapolia kutoka Muscat, fedha itakuta jina lake linaingoja.